Usinunue Gari kwa Ulimi Wangu

Nyumba ya Ukoo, Bayur,
Ziwa la Maninjau,
Sumatra Magharibi.

Jumatano, 12 Februari 2025

Mpendwa mjukuu wangu Yendrizal,

Assalaamu alaykum. Hujambo wewe, hajambo mkeo Wulan, na Nadhira meno yamemaliza kutoka? Kile kikohozi chako cha vumbi la Bekasi kimepoa? Usinijibu kwamba hamjambo tu, kama ulivyozoea, maana nitajua kuna unachoficha. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Goti la kushoto linaniuma, na sababu yake utaisoma huko mbele, usiruke.

Usishangae kuona barua. Simu ninayo na salio ninalo. Lakini wewe ukipokea simu unaiweka juu ya meza sauti itoke nje, mkeo asikie, mtoto asikie, na jirani anayeanika nguo asikie. Haya ya leo hayafai kusikiwa na jirani. Niliishia darasa la tatu, mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye matope, ila utausoma. Wewe ndiye uliyesomeshwa.

Mpunga wa shamba la chini umeanza kuinama. Sikupi habari za kilimo. Shamba hilo ndilo lenye maneno.

Mdogo wangu, mkuu wa ukoo wetu, Datuk Bandaro, aliniambia ulivyompigia kumwomba ukoo uliweke rehani upate kianzio cha gari. Alikujibu sawasawa. Shamba la mabibi haliwekwi rehani ila kwa mambo manne: maiti yumo ndani na hakuna cha kumzikia, binti kakomaa na hajaozwa, kiti cha Datuk kimekosa mtu, au nyumba ya ukoo inavuja. Gari halimo. Wewe ukasema sawa, ukanyamaza. Mimi sikunyamaza.

Maana nilikuwa nimeshalitangaza lile gari lako la krosova. Ile picha uliyonitumia, gari jeupe, limeinuka juu kama mtu aliyekunja kanzu avuke maji, niliionyesha msikitini kwa kila mwanamke, hata ambaye hajamaliza sunna. Nikawahubiria kwamba lita moja inakwenda kilomita ishirini. Nikawaambia muuzaji anakupa kapeti, mwavuli na karatasi nyeusi ya vioo, bure, ukisaini kabla mwezi huu haujaisha. Mimi, ambaye sijui hata tangi la gari liko upande gani.

Basi nikatafuta njia. Nyumba ikivuja, shamba linawekwa rehani. Nyumba haikuwa inavuja. Yen, mimi bibi yako, miaka sabini na mitatu, niliegemeza ngazi ya ghala upande wa nyuma ambako paa liko chini, nikapanda na koleo, nikang'oa misumari mitatu ya bati. Goti ndipo lilipoumia. Halafu nikamtumia Datuk salamu kwamba nyumba ya mabibi inavuja na mkuu wa ukoo kalala.

Mungu hakunikawiza. Usiku uleule ilinyesha mvua ya kumwaga, upepo ukalinyanyua lile bati, maji yakaingia chumba cha katikati juu ya magodoro ya sufi niliyoyashona upya kwa ajili yako na Wulan mkija Idi. Yamelowa hadi moyoni. Bado nayaanika.

Asubuhi Datuk akaja na ngazi yake, akapanda, akaniita nimletee misumari. Unajua misumari naiweka wapi. Kwenye kopo la biskuti, lile jekundu ulilotuletea Idi iliyopita. Nikampelekea kopo zima bila kufikiri, na ile mitatu ilikuwa juu kabisa, kila mmoja na raba yake.

Akaiokota, akaitazama. "Dada, msumari ukiliwa na kutu huvunjika. Hii imeng'olewa."

"Panya hao," nikamwambia.

"Panya wa Bayur siku hizi wana koleo?"

Nikamshikia ngazi. Akagongelea ile mitatu palepale ilipotoka, akashuka, akanywa kahawa yake, akaniuliza habari za goti. Hakunikemea wala hajamwambia mtu. Angenitukana ningemjibu, tukamaliza. Sasa kila akipita akanisalimia kwa adabu naona uso unaniwaka.

Hata hapo sikukoma. Nikajisemea, aibu nimeshaipata, angalau gari lipatikane. Nilikuwa nafikiria kwenda kulia kwa Datuk.

Jumapili Marjani, jirani yetu, alikwenda na ujumbe wa kina mama kwa wakwe wa binti yake kule Bukittinggi. Mwanawe Rizaldi yuko nyumbani kwa harusi ya dada yake, kaja na lile gari lake kutoka Jakarta. Ni lilelile unalotaka wewe, hata rangi. Marjani akanifungulia mlango kwa madaha. "Dada Jus, kaa mbele, uonje kiti atakachokununulia Yen." Nikakaa. Nyuma wanawake watano na sufuria tatu za nyama ya rendang.

Huku ukingoni mwa ziwa mambo yalikuwa mazuri, sisemi uongo. Kimya, baridi, harufu ya upya. Rizaldi akaniambia, "Bibi, hili halinywi mafuta, linanusa tu." Akanionyesha namba kwenye dashibodi, kilomita kumi na sita kwa lita.

Tukaanza kupanda zile kona arobaini na nne. Unazijua, ulizitapikia tangu mdogo. Gari likanguruma kama mtu anayebanwa na haja. Namba ikawa kumi, ikawa nane, ikawa saba. Rizaldi akazima kiyoyozi. Mama yake akauliza mbona joto, akajibiwa, "Hewa ya mlimani ni ya bure, Mama." Eli muuza samaki akasema kutoka nyuma, amepakata sufuria, "Kumbe linanusa. Ila pua yake kubwa." Wakacheka wote. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikakukumbuka, nikaacha.

Kufika juu taa ya mafuta imewaka. Tukasimama kwa mwanamke anayeuza petroli ya chupa kando ya barabara. Rizaldi akajipapasa mifuko, akampapasa na mama yake kwa macho, Marjani akageukia dirishani kama anahesabu miti. Nikafungua fundo la sarungi yangu nikalipa. Nikashuka naye, tukawa wawili tu pale kwenye tangi. Liko upande wa kushoto, sasa najua.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, Jakarta naliendesha Jumapili tu. Kazini naenda na pikipiki ya kukodi, mvua na jua. Kwenye foleni za kule linakula karibu kama hapa mlimani, na mwisho wa mwezi malipo yake yanakula kilichobaki. Ile ishirini ya muuzaji ipo. Ni ya barabara tupu, mtu mmoja, kiyoyozi kimezimwa."

"Mbona hukumwambia Yen alipokuuliza?"

"Aliniuliza mbele ya watu."

Nimelala na hayo maneno tangu Jumapili. Maana mimi nawe pia tulikuwa mbele ya watu.

Idi iliyopita ulikuja na basi, siku mbili njiani, mtoto mgonjwa wa tumbo, Wulan miguu imevimba. Sebule imejaa wageni. Nikasema kwa sauti, nikijua watacheka: "Mwana wa Marjani kaja na gari. Wangu kaja na kopo la biskuti." Walicheka. Wulan akatazama mkeka. Wewe ulikuwa mlangoni umeshika trei ya chai, na hukuimwaga. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa vivyo hivyo. Akiumizwa, alikuwa anashika vizuri alichokishika.

Nisamehe, Yen. Nimeliandika mara moja na silirudii.

Na wewe nina kesi nawe. Mtu mzima unanunua gari ili umnyamazishe bibi? Mimi hata kaburini sitanyamaza. Ukilitaka gari kwa haja yako, kumpeleka mtoto hospitali, sawa, lipo hata dogo lililotumika. Hilo la muuzaji, kabla hujasaini mwambie akuachie ulijaribu saa ya foleni, umpakie mkeo, mtoto na mizigo, kiyoyozi kikiwaka, halafu utazame namba. Akikataa, mrudishie mwavuli wake. Na Rizaldi mpigie mkiwa wawili tu. Atakwambia.

Lakini kama unalinunua kwa sababu ya ulimi wangu, usisaini. Shamba litabaki shamba. Na usije ukakosa kuja Idi kwa kuwa huna gari. Hilo ndilo ninaloliogopa, siku hizi simu zako zimekuwa fupi.

Njooni na basi. Leteni kopo la biskuti, jekundu kama lile. Nitawangoja mwenyewe pale njia panda, goti au si goti, na nitalibeba kichwani, nipite polepole mbele ya baraza ya Marjani kukiwa kumejaa watu. Wakiuliza mjukuu wangu kaja na nini, nitawaambia kaja na mkewe na mwanawe.

Magodoro yatakuwa yamekauka.

Msalimie Wulan, umwambie ile pilipili aliyoipenda nimemsagia. Nadhira mbusu miguuni. Datuk anakusalimu, ukizungumza naye, habari za panya usizitaje. Mungu awafungulie riziki yenye baraka, awalinde na njia ndefu, atufikishe Ramadhani sote tukiwa hai.

Ni mimi bibi yako nikupendaye, hata ninapokukaripia,

Jusmaniar