Ringi za Nguzo za Nyumba ya Ikuti

Gaborone, Alhamisi asubuhi

Mdogo wangu Tumpe,

Kosa la wengi wanaojenga ni kuhesabu nondo na kusahau ringi. Nisamehe kwa kulitanguliza kabla ya salamu. Ugonile? Goti linasemaje na baridi ya huko Ikuti? Mimi na wifi yako tu wazima, ila joto la huku limetukausha, naye haachi kulalamika kwamba ndizi za dukani hazina ladha.

Picha ya nguzo zako uliyonitumia kwa simu nimeitazama sana, na barua hii naituma kwa njia hiyo hiyo ikufikie leo. Nondo ni nene na zimesimama wima. Lakini ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka na kuzifunga pamoja, zimeachana mno. Mbuzi anapenya katikati. Jana nikampigia fundi wako, Ambele.

"Shikamoo mzee. Usiwe na wasiwasi, nondo hizo ni za milimita kumi na sita. Hata tembo apande."

"Marahaba. Tembo atashuka, fundi. Ghorofa halishuki."

Alicheka, nami nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu hapa chuoni. Majuzi tuliweka nguzo mbili fupi kwenye mashine ya kukandamiza. Zege lilikuwa moja, nondo zilezile. Tofauti ilikuwa ringi tu. Yenye ringi zilizoachana ilinyamaza, ikanyamaza, kisha ikapasuka kwa kishindo, nondo zimepinda kwenda nje. Ya pili ilianza kumenyuka ngozi, ikatoa nyufa, lakini tumbo lake likabaki limeshikwa na ikaendelea kubeba. Hiyo ndiyo nguzo ninayoitaka chini ya chumba utakacholala na wajukuu: hata ikielemewa, itoe taarifa watu watoke.

Wewe mwenyewe unalijua jambo hili. Baba alipojenga kwa mianzi, kila fungu alilifunga kwa kamba karibu karibu kabla ya kulitwisha paa. Ulipomuuliza kwa nini anamaliza kamba, alikwambia uliegemee fungu lisilofungwa. Uliliegemea, kila mwanzi ukachepuka upande wake, nawe ukaanguka. Zege likielemewa hutaka kutanuka hivyo hivyo, na nondo hutaka kuchepuka. Ringi ndiyo kamba.

Ambele si fundi mbaya. Mwishoni alisema, "Mzee, nimekuelewa. Ila vyuma vya ringi vimeisha, na mama ameshaalika watu wa zege Jumamosi."

Najua hapo ndipo pagumu. Majirani wameitwa, ndizi zimeshakatwa, na wewe hupendi kusemwa kwamba uliwaita ukawarudisha. Lakini hakuna wa kurudishwa. Boksi za mbao za kumwagia zege hazijafungwa, na Ambele na mwenzake wakishika kazi kesho asubuhi, ringi zitakamilika kabla ya jioni. Ziachane sentimita kumi na tano, na ziwe karibu zaidi juu na chini ya nguzo. Jumamosi majirani watamwaga zege na kula kama ulivyopanga.

Nisalimie dada yetu mkubwa wa Matwebe, shemeji mwalimu, na mchungaji anayekuja kuombea nyumba. Ndaga kwa majani ya chai uliyotutumia. Tunayanywa kwa kubana.

Leo, kabla maduka ya Kiwira hayajafungwa, nenda ukanunue vyuma vya ringi.

Kaka yako,
Asajile