Pinde Tatu na Mtamba Mmoja

Mjomba Yona,

Upinde wako umeliwa. Sikujua nianzie wapi kukuandikia, basi naanza hapo, kwa sababu hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia.

Baada ya mazishi hakuna aliyetaka kuligusa besi lako, fidla lile kubwa. Lilisimama kando ya kabati, limefunikwa shuka, na watoto wa jirani walikuwa wakilipita mbio wakidhani ni mtu. Upinde ulibaki kwenye mfuko wake, zipu imefungwa. Matanga yakaisha, mtihani wa kidato cha nne ukaja ukapita, mvua nazo zikanyesha. Siku niliyopata moyo wa kuufungua ule mfuko, nywele za farasi za ule upinde ziliniangukia mapajani kama nywele za mgonjwa. Zilikuwa zimekatikakatika, na ndani mlikuwa na vijidudu vyenye manyoya vikitambaa. Nilipiga kelele. Mama alikuja na jembe akidhani ni nyoka.

Nilimpigia simu Mwalimu Tabitha wa Mombasa, yule uliyekuwa ukimwagiza nyuzi. Akaniambia wadudu hao hupenda giza na mahali pasipoguswa. "Upinde ukipigwa kila siku, huwa hawaingii," alisema. Hakukusudia kunitisha, lakini usiku huo nilijua kwamba walianza kula tulipoacha kupiga.

Na mti wenyewe una ufa, Mjomba. Uko pale pale ulipokuwa ukiupasha moto. Unakumbuka? Kila mvua zikija huku Garsen upinde ulijikunja kwa unyevu, nawe ulikaa nje na jiko, ukiuzungusha juu ya makaa kama mtu anayechoma hindi la thamani, halafu ukaukunja kidogo kidogo kwenye goti mpaka ukanyooka. "Mpwa wangu, usipumue," ulikuwa ukiniambia. Nami sikupumua kweli. Nilidhani pumzi yangu ndiyo ingeuvunja.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Mwalimu Tabitha amenitafutia nafasi. Kuna okestra ya vijana Mombasa isiyo na mpiga besi, na kesho watakuja Malindi kusikiliza wanaotaka kujiunga. Wakinichukua, watanifundisha bure na nitapata mahali pa kulala. Wasiponichukua, nitabaki nyumbani, na sijui besi hili litakuwa la nini.

Alijua sina upinde. Akaazima pinde tatu dukani kwa mtu anayemfahamu, akazifunga kwa gazeti na kamba, akazipakia kwenye basi la Lamu. Nichague mmoja na kuulipia, mbili zirudi. Nilikwenda stendi kuzipokea. Unanijua nilivyo mbele za watu. Utingo alishuka nazo amezibeba begani kama bunduki, akapaza sauti, "Fimbo za nani hizi? Kuna sultani gani mgeni Garsen?" Watu wakacheka. Nilizichukua bila hata kusema asante, nikaondoka nikiangalia miguu yangu.

Nilizijaribu kwenye ghala la kanisa, kati ya magunia, mahali ulipokuwa ukinificha nifanye mazoezi. Nikafanya kama ulivyonifundisha: uzi mnene kwanza, noti moja ndefu, bila kuipamba.

Ule wa kwanza ni wa faibaglasi, mweusi, na bei yake ni kama mbuzi mmoja mwenye afya pale mnadani. Ni mgumu bila kuwa na nguvu. Ukiuweka kwenye uzi unarukaruka, na nywele zake zinakwaruza kama ufagio. Uzi mnene ulitoa mvumo wa upepo tu, noti yenyewe ikaja baadaye, imechelewa, imechoka. Nilipobonyeza zaidi ikakwama. Mtu anaweza kujifunzia upinde huo, lakini nikimpelekea anayejua, atadhani kosa ni la mkono wangu.

Wa pili ni wa mbao, ule mti mwekundu wa Brazili wa kawaida. Sio ule mwingine adimu uliokuwa ukiusimulia, ambao bei yake ni zizi zima. Huo Mwalimu anasema hata yeye huuona kwenye picha tu. Huu ni kama mbuzi watatu. Una kitako cha mpingo, na uzito wake umekaa mkononi, si kwenye ncha. Wa tatu ni wa kaboni. Mwepesi, umenyooka kama mstari wa rula, hausikii joto wala unyevu. Bei yake ni mtamba mzima.

Unajua mtamba ninayemsema. Ni yule ambaye ukiwa mgonjwa kitandani ulimwambia Baba kwamba ni wangu. Ana mimba sasa, na Mama alikuwa ameshaanza kuwaambia wanawake wa kanisani kwamba mwaka huu tutakunywa chai ya maziwa yetu.

Mjomba, nilipopiga ule wa mbao, ulikuwa wewe.

Sijui kulieleza jambo hili vizuri. Ilikuwa ile sauti yenye giza kidogo mwanzoni, inayokuja polepole kama mtu anayeinuka kitini, halafu inajaza nyumba. Nilipiga noti moja tu. Nje nilisikia sufuria ikianguka, na Mama akatokea mlangoni, mikono imejaa unga, kanga imemdondoka begani. Alitazama pembeni yangu, si mimi, kama anatafuta aliyekaa karibu nami. Halafu akaniona.

"Nilidhani…" alisema. Hakumaliza.

Akakaa juu ya gunia, akaniambia nipige tena. Nikapiga. Akalia bila sauti, nami nikaendelea kwa sababu niliogopa kuacha. Alipoinuka alisema, "Huo huo, Salome. Usitafute mwingine. Nina kaka yangu tena."

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Ningepaswa kufurahi, si ndiyo? Ulinipenda, na sauti yako imerudi. Lakini kila nilipoushika ule upinde mkono wangu haukuwa wangu. Nilipunguza mwendo pale ulipopunguza wewe. Hata lile kosa lako la kuchelewa kwenye wimbo wa kutoa sadaka, ambalo kwaya ilikuwa ikikutania, nami nikalifanya. Nilimwogopa mtu aliyekuwa akipiga, na aliyekuwa akipiga ni mimi.

Baba yeye alitaka ule wa mbuzi mmoja. Hakusema kwa ubaya. "Malindi wataangalia fimbo au watasikiliza?" aliuliza. "Mtamba akizaa, kuna maziwa, kuna ndama. Upinde utazaa nini?" Kisha akaongeza, akiangalia chini, "Yona alipiga miaka yote hotelini, na mwisho akarudi hapa hapa." Nadhani naye anaogopa. Hajawahi kumwona mtu wa ukoo wetu akiishi kwa besi ila wewe.

Siku hiyo hiyo alikuja Hirbo, yule dalali Muorma mliyekuwa mkicheza bao pale mnadani. Alikuja kumwangalia mtamba, ikiwa itaamuliwa auzwe. Akaziona pinde juu ya benchi, akauinua ule wa kaboni kwa vidole viwili.

"Hii nini?"

"Upinde wa besi," Baba akamjibu.

"Mshale yake iko wapi?" Akaugeuza, akaunusa. Alipoambiwa bei, alicheka mpaka akashika nguzo. "Mimi fimbo yangu nilikata bure kwa kichaka, na ng'ombe yote inasikia. Nyinyi mnatoa ng'ombe mpate fimbo! Salome, mtoto yangu, hesabu yako imegeuka kichwa chini." Halafu akaacha kucheka, akasema taratibu, "Lakini Yona alikuwa mtu. Kama ni jambo ya Yona, mimi bei sitakaza."

Hakuna aliyekuwa mbaya, Mjomba. Hilo ndilo lililonichanganya. Kila mmoja alivuta upande wake kwa upendo, nami nikabaki katikati.

Kisha mvua ikanyesha, ile ya kushtukiza inayoacha ardhi ikitoa mvuke. Asubuhi niliuinua ule wa mbao usawa wa jicho na kuutazama kwa urefu, kama ulivyonifundisha, jicho moja limefungwa. Ulikuwa umeanza kujikunja. Kidogo tu, mtu mwingine asingeona.

Nikawasha jiko.

Sikumwambia mtu. Nililiweka nje nyuma ya ghala, nikasubiri makaa yawe mekundu bila moshi, nikalegeza nywele, nikaushika mti pande zote mbili. Nikauleta karibu na joto. Niliona rangi ya mti ikianza kung'aa pale joto lilipoufikia, na nikasikia, au nilidhani nasikia, mlio mdogo ndani yake. Nikauondoa. Nikajaribu tena, nikauondoa tena. Niligundua kwamba nilikuwa nimebana pumzi, nikisubiri uniambie ni wakati gani wa kukunja. Nilisubiri kweli, Mjomba. Nilisimama pale na upinde usio wangu, ulioazimwa dukani, nikisubiri sauti yako, na ikawa kimya, na makaa yakapata majivu juu.

Pale ndipo nilipofahamu. Upinde ule unataka mtu kama wewe karibu yake kila mvua. Mimi sina mikono hiyo, na aliyeijua ameondoka kabla hajaniachia zaidi ya kushika pumzi. Ningeuchukua, ungepasuka mwaka huu au ujao, na siku hiyo Mama angekupoteza mara ya pili, kwa mkono wangu. Hilo liliniogopesha kuliko Malindi.

Nikauzima moto. Nikaingia ghalani, nikauchukua ule wa kaboni, nikaacha mlango wazi kwa sababu sikuwa na nguvu ya kurudi kuufunga.

Nikuambie ukweli, sikuwa nimeupiga vizuri mpaka siku hiyo. Niliugusa tu, nikauweka, kwa kuogopa bei yake. Hauchelewi. Ukiugusa uzi, noti ipo tayari, hata kabla hujaamua kama unaitaka. Kila kosa langu lilitoka likiwa limevaa nguo nzuri, linasikika mpaka barabarani. Kidole kikikosea kidogo, upinde unakitaja. Nilipotulia, nikapiga ile noti ndefu ya uzi mnene, haikuwa yako. Ilikuwa na mwanga zaidi, nyembamba mwishoni, yenye mtetemo ambao sijui niliupata wapi. Mama hakuja mbio. Jirani yetu Mama Kadzo ndiye aliyepiga kelele kutoka uani kwake, "We Salome! Ni wewe huyo? Nami nilidhani Mungu hakukupa sauti!"

Nilicheka peke yangu ghalani, machozi yakitoka.

Jioni, wakati wa chakula, nilisema. Unajua mimi husema na Baba nikiulizwa tu. Safari hii nilisema kabla ya kuulizwa: "Nataka ule wa kaboni. Mtamba auzwe." Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Baba akaacha kula. Nikawaeleza habari ya ule wa mbao kujikunja, na habari ya jiko. Mama akauliza, "Kwa hiyo yeye anarudi Mombasa?" Hakusema upinde. Alisema yeye. Nikaitikia kwa kichwa.

Hirbo alimchukua mtamba jana. Hakukaza bei, kama alivyoahidi. Baba alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi akaosha mikono, akakaa. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Leo asubuhi Mama aliniomba nimpigie kwa ule wa mbao mara moja ya mwisho. Alichagua wimbo uliokuwa ukiupiga mkirudi kutoka shambani. Alisikiliza amesimama, mikono nyuma. Nilipomaliza aliuchukua, akaufunga kwenye leso yake mpya, akaupeleka stendi mwenyewe pamoja na ule wa faibaglasi. Aliporudi hakuwa na leso.

Sasa nyumba imetulia na ninaogopa, Mjomba. Naogopa kesho. Naogopa watakaokaa nyuma ya meza, watoto wa Mombasa waliosomea muziki, mlango nitakaoingilia na besi hili kubwa likigonga fremu. Naogopa nimeyauza maziwa ya Mama kwa ajili ya mkono ambao haujui kitu. Lakini zaidi ya yote naogopa kwamba nitazoea sauti hii mpya, na siku moja nitajaribu kukumbuka yako na isije. Hilo sina dawa yake. Nimeamua kuliogopa huku nikipiga.

Basi pumzika, Mjomba wangu. Mimi nakwenda kufunga nyuzi. Ninachokuahidi ni hiki: kesho nitawatajia jina langu mwenyewe, Mwalimu asinitajie, halafu nitapiga. Wakinikataa, nitakuja kaburini kukuambia kwa mdomo wangu. Sitamtuma Mama.

Mpwa wako,
Salome