Zaituni, Mbegu Zile Niliziomba

Mwanangu Zaituni,

Ni mimi mama yako, naandika kutoka Mwankoko. Mwandiko wangu unaujua, wa darasa la nne. Na wengine wakisoma si vibaya, maana wanaoulizia vitabu vyako wamekuwa wengi.

Vyote vitatu nimevisoma, kwa kidole, mstari kwa mstari. Uliponiletea cha kwanza nilikukemea. "Wewe mtoto, unaandika dunia imeisha, unatuitia balaa gani?" Ukacheka. "Haijaisha, mama. Umeme umekatika, magari yamesimama, maduka yamefungwa. Sasa tuone nani anajua kulima." Nikamkuta humo Sikitu wako anachanganya mtama na majivu usiliwe na dumuzi, anafukua mchanga wa korongo mpaka maji yatoke, anatwanga alizeti na kuichemsha mafuta yaelee. Nikasema, kumbe ni mimi. Siku zile ulivyokuwa unanifuata shambani na daftari, nilidhani unakwepa jembe.

Anayesoma hapa avitafute avisome. Hata mimi niliyekufundisha hayo nimejifunza humo. Ila kuna jambo lazima nikwambie, na wao wasikie.

Katika kitabu cha pili njaa imekaza, Sikitu amebakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu. Watoto wanalia, hagusi. Mvua inakuja anapanda, na anajisifu hajamwomba mtu. Hayo uliyatoa kwangu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi ukaniuliza, "Mama, mwaka ule wa njaa ulifanyaje?" Nikakujibu kifua mbele, "Mimi sikumpigia mtu hodi."

Nilikudanganya, mwanangu. Mbegu nilizipika. Ulikuwa na miaka mitatu, miguu imeanza kuvimba. Nikazisaga nikasonga ugali, tukala siku mbili. Mvua ilipokuja nikaenda Sepuka kwa mama Rukia, rafiki yangu wa usichana. Nikasimama uani kwake nikashindwa kusema. Yeye ndiye aliyesema. "Umekuja na chombo?" Sikuwa nacho. Akanifungia mtama wa mbegu kwenye ushungi wake mwenyewe. Nilikuficha kwa aibu tu.

Nawe ukaubeba uongo wangu mpaka Shelui ulikopanga chumba. Jirani yako wa chumba cha pili ameniambia. Siku nne homa na tumbo, wakigonga unajibu ukiwa ndani, "Nitajimudu, msijisumbue." Mimi nikipiga simu unasema umechoka kuandika. Nikakwambia, "Haya, pumzika mama." Walipovunja mlango, muda wa kukusaidia ulikuwa umepita.

Hapo ndipo ninapokwama. Nikipika nakwama, nikiswali nakwama. Ningekwambia ukweli siku ile ya mahindi, ungefungua?

Kitabu cha nne umekiacha katikati, Sikitu anaumwa, yuko peke yake nyumbani. Yule mwalimu rafiki yako aliyekuwa anakuchapia akaja kuniuliza, "Mama, tukiache hivi hivi?" Nikamwambia hapana. Nikamsimulia ya Sepuka, akaandika, nikamkataza kupamba. Ni kurasa sita. Sikitu anajikokota mpaka kwa jirani, anafika anashindwa kusema, jirani anamshika mkono anamwingiza ndani. Tumeeleza pale kwamba kurasa hizo ni za mama yako, asije mtu akakulaumu wewe.

Kitabu kimetoka, na juzi msichana mmoja msomaji wako amenipigia. "Shikamoo mama. Mwisho ule umemharibu Sikitu. Alikuwa shujaa, sasa amekuwa wa kuombaomba."

"Marahaba. Una jirani?"

"Ninaye."

"Anaitwa nani?"

Akasema, "Ngoja nikamuulize, mama." Simu ikakatika. Nilikaa na simu ile mkononi, nikalia, maana wewe sikuwahi kukuuliza hivyo.

Kwaheri, Zaituni. Nisamehe. Nilitaka tu unione mkubwa.

Mama yako.