Mwenye Eda Hasimami Mnadani

Ami,

Neno "mpendwa" nimeliruka makusudi. Siku ya mwisho ya matanga yako, mwanao mkubwa alipitisha ombi mpaka kwa wanawake: tumpe radhi marehemu. Wote waliitikia, "Tumemsamehe." Mmoja alinyamaza, na huyo ni mimi.

Unaikumbuka siku uliyonadi mashamba ya marehemu baba kule Batina, ati mirathi igawanywe? Ulikuja na dalali na kundi la wanaume wenye bakora, mkazunguka mitendeni mpaka kisimani, dalali akipaza bei. Mama alikuwa chumbani, kakaa eda ya baba, anasikia kila neno dirishani. Mashamba mengine hakuyalilia. Alitaka moja tu, la ndimu, lenye nyumba yetu, ambalo miche yake aliipanda mwenyewe mwaka tuliorudi nchi ya mababu kutoka Unguja. Akavua bangili zake zote, akazifunga kwenye mtandio, akanituma kwako.

"Ami, mama anataka shamba la ndimu. Dhahabu yake hii hapa."

Hata mtandio hukuufungua. Ulinijibu mbele za watu: "Mwambie mamako, mwenye eda hasimami mnadani. Ndiyo sharia."

Sharia! Wewe uliyesoma kuliko sote ulijua vyema kwamba mwenye eda huweka wakili, na wakili mwenyewe alikuwa kasimama mbele yako. Shamba likaenda kwa rafiki yako kwa bei ya kutupa, na kabla mama hajatoka eda, likawa lako. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ulitula na nguo zenyewe.

Siku hizi mama anaishi nami mjini, Al Khuwair, ghorofani. Tukienda dukani huchukua ndimu, akazinusa, akazirudisha. Nakuchukia kila anapofanya hivyo.

Sasa sikiliza. Jana mkeo alipiga simu analia. Yuko eda yako, katika nyumba ile ile ya shamba la ndimu, na wanao wameshamwita dalali. Kasema atalinunua yeye, asitolewe kwake. Wamemjibu kwamba mwenye eda hasimami mnadani. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nilicheka, Ami. Wallahi nilicheka mpaka nikaona haya, maana mama hakucheka. Aliingia chumbani, akatoka na mtandio ule ule wa bangili.

"Kamsimamie. Pesa zake zisipotosha, hizi hapa."

"Mama, mke wa Ami? Baada ya yote yale?"

"Mie nnalijua dirisha lile, mwanangu. Nenda."

Basi asubuhi naondoka kwenda Batina. Usidhani nakwenda kwa ajili yako. Radhi yangu bado ninayo mwenyewe, na sijui kama nitaitoa. Nakwenda kwa sababu mama kanituma tena, na safari hii wewe hupo wa kunirudisha.

Mtoto wa kakako,
wakili wa mkeo.