Nyeupe Ndiyo Chanya Nyumbani Kwetu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana, mvua imekatika.

Mpendwa mdogo wangu Kidole,

Hujambo huko uliko? Na mikono yako je, bado inapasuka kwa baridi ya hilo ghala lenu? Natumaini unakula ukiwa umekaa, si kubugia mkate umesimama kama ulivyozoea. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo uko salama, bado ananigombeza kama mtoto wa miaka saba. Mimi nashona. Macho yameanza kunidanganya nikitunga uzi mweusi, lakini namshukuru Mungu.

Nina hamu nawe, mdogo wangu. Nalisema mwanzoni kabisa nisije nikalisahau, maana barua hii ina hasira pia.

Unakumbuka simu yako ya mwisho? Nilikuuliza habari ya ile mashine yako ya gemu, ukajibu upesi upesi, "Uzeni tu, dada, inawajazia chumba." Hukujua kwamba nilikuwa nimefungua spika na mama yuko pembeni yangu anachambua mchele. Tangu siku ile hakuifuta tena vumbi, yeye ambaye kila wiki alikuwa akiifunua shuka na kuipangusa hadi vitufe. Ameyaelewa maneno yako kwamba hurudi tena. Nami nilisikia hivyohivyo.

Basi mnunuzi akapatikana, bwana mmoja anayefungua mgahawa na anapenda vitu vya zamani. Akaizunguka mashine, akabonyezabonyeza, akasema ataichukua Jumamosi, ila anataka kile kibao cha juu chenye picha ya roketi kiwake. Nikamtazama mama. Akasema, "Mnajua wenyewe," akaingia jikoni.

Vile vibalbu ulivyovipanga nyuma ya roketi viliungua vyote zamani. Nikanunua mkanda wa taa ndogondogo za volti kumi na mbili, ule unaobandikwa kama utepe. Usicheke. Mimi natia zipu kila siku, nyaya mbili zitanishinda? Nilichomoa plagi ukutani nikampa mama aishike, naye akaikumbatia muda wote kana kwamba ingejichomeka yenyewe. Nikang'oa mazagazaga yako yote, nikakuta buibui amejenga ghorofa humo ndani. Mkanda nikaubandika, halafu nikazitafuta zile nyaya ulizozipandisha kutoka kwenye kisanduku cha umeme kule chini, nyekundu na nyeupe. Karatasi ya mkanda inasema nyekundu ni chanya. Nikaunga nyekundu kwa nyekundu, na ile nyeupe nikaiunga upande wa hasi.

Mama akachomeka. Giza. Nikafungua, nikabana upya, nikafunga tepu upya. Giza! Nikachemka. Nikaubandua mkanda, nikaenda nao hadi kwa muuza vifaa vya umeme, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia takataka. Mwenzangu aliugusisha kwenye betri, ukawaka mpaka nikafumba macho. Aibu niliyoipata, laiti ungekuwepo tukacheka pamoja.

Nikarudi kichwa chini. Mama alikuwa palepale na plagi yake. Akaziangalia zile nyaya, mama huyu ambaye hajawahi kubadilisha hata betri za redio, akasema, "Kwani baba yenu alikuwa akitumia nyekundu?"

Kidole, nilikaa chini. Nilikuwa nimesahau kabisa! Baba hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani, kwake zote zilikuwa rangi ya matope. Ndiyo maana katika kila redio aliyoitengeneza humu ndani, chanya ilikuwa nyeupe. Dunia nzima na yake, sisi na yetu. Na wewe una macho mazima, uliziunga nyaya hizi baba akiwa ameshafariki, hakuna wa kukukosoa, na bado ukaweka nyeupe. Mimi mkubwa wako nilisahau. Wewe hukusahau.

Nikazigeuza, nyeupe ikaenda kwenye chanya. Mama akachomeka. Roketi ikawaka, nami nikalia bila kujificha. Nilikuona umesimama pale na fulana yako iliyotoboka, unanifukuza nisiguse vitufe vyako kwa mikono yenye chaki ya kitambaa.

Mama hakulia. Alitafuta kitambaa, akaifuta mashine nzima juu hadi chini. Jumamosi bwana wa mgahawa alipofika na mkokoteni wake, mama alimpa chai, akamwambia, "Samahani, mwanangu. Mwenyewe yuko safarini, hajatoa ruhusa." Mimi nikajitia kutafuta sindano.

Sasa kila jioni anaiwasha. Eti wapita njia waone duka langu la ushonaji, na mimi wakati huo nimeshafunga! Anakungoja, Kidole. Na aliyemwashia hiyo taa ni mimi, kwa hiyo naumia mara mbili. Akiniuliza utarudi lini, nakanyaga cherehani kwa nguvu nisimsikie.

Nakuomba, usinipe mimi maneno ya kumpelekea. Mpigie mwenyewe. Kama hurudi, mwambie hurudi. Atalia, nami nitakuwa naye, na taa nitaizima mimi. Kama unarudi, hata ikiwa si leo wala kesho, mwambie pia. Mkanda ulipungua kidogo, haukufika kona ya kulia, kwa hiyo roketi yako inaruka bila moto. Yule muuza vifaa amenipa kipande cha kumalizia, nadhani kwa huruma. Nimekiweka ndani ya mashine na sitakiunga mimi.

Shangazi anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Kinyozi wa jirani anakusalimu sana na anashikilia kwamba hukuwahi kumshinda kwenye gemu hiyo. Mungu akulinde uendako na utokako, akupe afya na watu wema wa kula nao.

Mama hakutuma salamu. Nimemwuliza mara mbili. Amesema zake atakupa mlangoni.

Dada yako akupendaye hata ukimwudhi,
Fundi wako wa suruali