Siku ya Kumi na Tisa

Jumanne, 4 Machi

Pumzi yangu imesoma tatu. Kasema muuguzi wa kliniki ya kifua, akanigeuzia kile kimashine cha kupuliza, kinachopima sumu ya moshi wa sigara, nione mwenyewe. Mwezi uliopita ilisoma ishirini na nane.

"Mzee, sasa hata mama nyumbani atakusogelea."

Nimemwambia ndoa ya miaka thelathini na mbili ina kazi nyingine. Kacheka. Nirudi Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Nimeuliza kimashine kinaona nyuma kiasi gani. Siku moja hivi, kasema. Hakuuliza kwa nini nataka kujua.

Siku ya 26 bila sigara. Nimeandika kile kisanduku changu cha kuhesabu siku, ukurasa wa nne wa gazeti letu — maneno sitini, kama kila siku. Barua za wasomaji leo: tisa.

Jumatano, 5 Machi

Kahawa ina harufu! Nilikuwa nimesahau. Mke wangu amerudisha mto wake karibu na wangu. Hakutoa taarifa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshuka chumba cha mitambo kufuatilia picha iliyotoka nyeusi. Fundi mkuu wa uchapaji — Dohani tunamwita, kwa moshi wake wa miaka yote — amebandika visanduku vyangu vyote ubavuni mwa mtambo. Vimepangwa kwa tarehe. Mimi mwenyewe sina nakala.

Naye ameacha. Leo ni siku yake ya kumi na saba. Kikohozi bado kipo, lakini sasa anamaliza ngazi bila kusimama.

"Kaka, mimi nakufuata nyayo tu," kasema. "Ukitoboa, nami nimetoboa. Ukianguka niambie mapema, nisijichoshe bure."

Nikacheka. Kisha macho yakatua kwenye kisanduku cha siku ya 19.

Basi niandike, maana hata humu sikuandika. Jumanne, 25 Februari, saa kumi alasiri. Moto wa ghala la magodoro. Askari mmoja wa zimamoto alikaa ukingoni mwa barabara, akanipa sigara moja bila kuniuliza. Nikaivuta hadi kwenye kichungi. Nikarudi ofisini, nikaandika: siku ya kumi na tisa, na mambo ni shwari.

Mambo yalikuwa shwari kweli. Hesabu ndiyo ya uongo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia mhariri. Nataka sahihisho, ukurasa wa pili, pale tunapowekea majina tuliyokosea.

"Sigara moja? Pale tunasahihisha habari, hatuungami dhambi."

Nikamwambia ilikuwa habari. Namba tulichapisha, namba si sahihi.

Akafunga mlango. Kuna watu wameacha kwa ajili yako, kasema. Ukiwaambia umeteleza, nusu yao watawasha kabla ya chakula cha mchana. Unataka kusema kweli au unataka watu wapone?

Swali zuri. Nikamuuliza: atakayeteleza kesho atajifunza kwa nani kwamba mtu huanza upya? Kwangu mimi, eti nisiyeteleza?

Akasema nimpe mistari minne, itoke Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa.

"Koti lilinuka. Nikasema huyu ataandika tu, nimngoje."

Siku kumi na moja amengoja! Na mto alikuwa amesharudisha.

Nimelala mchana. Usingizi mtamu.

Jumapili, 9 Machi

Mistari imeingia toleo la kesho. "Toleo la 26 Februari lilisema mwandishi alikuwa ametimiza siku kumi na tisa bila sigara. Si kweli. Alivuta moja siku ya kumi na tisa. Hesabu sahihi leo ni siku ya kumi na tatu."

Dohani hawashi mtambo kabla hajasoma kila ukurasa, amesimama, kidole gumba kikishuka mstari kwa mstari. Yeye ndiye msomaji wetu wa kwanza. Sikutaka aikute peke yake. Saa kumi na moja jioni nikashuka.

Ukurasa wa kwanza, sawa. Wa pili — kidole kikasimama.

"Kumbe."

"Nilipaswa kukwambia Alhamisi."

"Ulipaswa." Mkono ukaenda mfuko wa shati, pakiti ilipokuwa ikikaa. Patupu. "Ulivuta ngapi?"

"Moja."

"Na kesho yake?"

"Hakuna."

Akakohoa, akafuta mdomo. Akakibandua kisanduku cha siku ya 19, akakitazama, asijue akiweke wapi.

"Kwa hiyo wewe kumi na tatu kesho, mimi ishirini na moja," kasema. "Nimekupita, bwana mkubwa."

Hakucheka. Nami sikucheka.

Nimemwambia kuhusu kimashine cha kliniki. Kesho saa tatu. Nitamngoja langoni saa mbili na nusu.

Hajasema ndiyo. Ametia kisanduku mfukoni mwa shati, akabonyeza kengele, na mtambo ukaanza kuzunguka.