Foleni ya Helmeti Kianda

Mpendwa dada,

Uliponieleza kwa simu kwamba huko Ujerumani watu wawili hawaruhusiwi kupanda skuta moja ya umeme, nilicheka hadi ukaniuliza kuna nini. Siku hiyo mama alikuwa amebeba abiria kwenye skuta yake ya umeme, pamoja na gunia la sukuma wiki. Sikukuambia kwamba huyo ndiye abiria pekee aliyempata tangu asubuhi.

Sheria ya steji yetu ya bodaboda hapa Kianda unaijua: abiria akitokea, anayengurumisha pikipiki kwanza ndiye humbeba. Lakini skuta ya mama haingurumi kama zile za petroli. Hutoka kimya kimya.

"Mathe, hiyo ni nduthi ama ni blenda?" mwendeshaji mmoja wa pikipiki alimtania.

"Aa, usiitusi blenda. Blenda angalau hupiga kelele!" mwingine akadakia.

Mama alicheka pamoja nao. Nyumbani hakucheka. Jumapili baada ya kanisa alisema atairudisha skuta kwa wenyewe waliomkodisha, arudi kuwafulia watu nguo kule Ayany.

Hapo nikakukumbuka. Je, unakumbuka tulipomtembelea shangazi kule Kawangware, ukaona helmeti zimepangwa chini pale stejini, ukauliza kama zinauzwa?

"Hiyo ndiyo foleni yetu, siste," yule mwendeshaji alikujibu. "Ukienda chai, helmeti inakushikia laini."

Ulijicheka njia nzima, huku umenishika mkono.

Kwa hiyo Jumatatu, nikiwa bado na sare ya shule, nilimwendea mwenyekiti wa steji mbele ya waendeshaji wote, mama akiwamo, nikamweleza kuhusu foleni hiyo ya helmeti. Alinisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Ya Kawangware yabaki Kawangware. Hapa ni Kianda."

Lakini nilimwuliza kwa heshima kama hawachomi petroli bure wakigombania abiria kwa kunguruma.

Kisha yule yule aliyeanzisha utani wa blenda akasema, "Huyu mtoi wa mathe ameongea ukweli. Na jana nimepitwa mara mbili nikila chapati tu!" Akavua helmeti, akaiweka chini. Mwingine akaweka yake nyuma ya hiyo. Mama alikuwa wa mwisho. Aliiweka polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Jana nilipita hapo nikitoka shule. Helmeti ya mama ilikuwa mbele. Abiria alipotokea, vijana wawili walianza kunguruma kwa mazoea, na mwenyekiti akawapigia kelele: "Zima hizo! Ni zamu ya mathe."

Laiti ungemwona, dada! Mgongo wima, abiria nyuma yake, na steji nzima ikimpisha. Skuta haitarudishwa. Nami sasa natamani kusomea mambo ya barabara na sheria zake, ingawa hilo nimekuambia wewe tu.

Naishia hapa kwa upendo mwingi. Jioni imefika, mama bado yuko kazini, na ugali leo ni wangu kupika.

Mdogo wako